Tairi pana nyuma haziifai Subaru WRX STI

Wengi huamini kwamba rimu ikiwa ya inchi 17, tairi yoyote ya 17 inafaa, na pana zikiwekwa nyuma gari litashika barabara zaidi. Kwa Impreza WRX STI, inayovuta kwa magurudumu yote manne, hiyo ni hatari. Tairi ya 225/45R17 (225 ni upana kwa milimita) ina kipenyo cha milimita 634 hivi. Ya 235/45R17, 643. Mizingo yake inapishana milimita 28, na Subaru hutaka tofauti isizidi takriban 6 kati ya tairi zote nne! Mbele na nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti hata barabara iliponyooka, difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) haipumziki: inachemka, inalika. Tairi mbili mpya zikichanganywa na kuukuu zilizolika, madhara ni yaleyale. Ukitaka pana, badilisha zote nne.