Tajiri wa klabu: neno moja, watu watatu

Kwetu Lamu neno "tajiri" lina kazi mbili. Kwanza ni mtu mwenye mali nyingi, kama lijulikanavyo kote. Pili ni mwenye chombo au mwenye duka, yule unayemfanyia kazi. Baharia ambaye bwana wake ana mashua moja kuukuu na deni la injini juu, bado atakwambia "tajiri wangu kanituma". Na ukilirudisha neno kwao Uarabuni, tajiri ni mfanyabiashara, mtu anayenunua na kuuza ili apate faida.

Mashabiki wa mpira tunapomwita mwenye klabu "tajiri", tunashika ile maana ya kwanza na kuziacha hizo nyingine. Ana mali, basi na aitoe. Ugomvi mwingi wa barazani unaanzia hapo.

Ugomvi wenyewe una msimu wake. Dirisha kubwa la usajili la Uingereza, kile kipindi cha klabu kununua na kuuza wachezaji, hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na bahari imechafuka, vyombo vingi viko pwani na mabaharia wana nafasi ya kukaa. Ukipita Mkunguni, mbele ya Ngome, saa za kahawa, utasikia sentensi moja inazunguka kutoka benchi hadi benchi: "Tajiri atoe pesa." Wa Arsenal anaisema, wa Manchester United anaisema, wa Chelsea naye anaisema, ingawa klabu yake ndiyo imenunua kuliko zote. Mimi ni wa United, nimeisema miaka mingi kwa uchungu wa kweli, mpaka siku moja nahodha mmoja mzee aliyekuwa akitusikiliza akaniuliza, "Mwanangu, pesa ya nani?"

Swali hilo ndilo linalofafanua dhana nzima, kwa sababu wenye klabu si kabila moja.

Wa kwanza ni yule anayeingiza pesa yake mwenyewe. Tajiri wa Kirusi, Roman Abramovich, aliinunua Chelsea mwaka 2003 kwa takriban pauni milioni 140, kisha akaendelea kuikopesha klabu mwaka baada ya mwaka. Ubingwa wa ligi ukaja 2005 na 2006, na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya 2012 na 2021. Manchester City ilinunuliwa na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi mwaka 2008, na mwaka 2012 ikatwaa ligi iliyokuwa imeikosa tangu 1968. Hawa wawili ndio waliotuharibia kipimo. Kijana aliyeanza kutazama mpira baada ya 2003 anaamini kuwa hiyo ndiyo kazi ya mwenye klabu, na asiyeifanya ni bahili.

Lakini tajiri wa namna hii ana jambo lake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, serikali ya Uingereza ilimwekea Abramovich vikwazo, na kwa miezi kadhaa Chelsea iliishi kwa kibali maalumu: haikuruhusiwa kusajili wala kuuza tiketi mpya. Wakati huo ilikuwa inadaiwa naye takriban pauni bilioni 1.5. Alizisamehe, klabu ikauzwa kwa pauni bilioni 2.5, na fedha za mauzo zikazuiliwa zipelekwe kwa wahanga wa vita. Angekuwa mtu wa kuzidai, sijui baraza la Chelsea hapa Langoni lingekuwa na habari gani leo.

Wa pili ni yule anayeiacha klabu ijilishe kwa jasho lake. Klabu kubwa ina mapato yake: haki za televisheni, viingilio vya uwanjani, wadhamini na jezi. Hata sisi tunaolipa mlangoni kwenye banda la kutazama mpira tumo katika mnyororo huo, kwa mbali sana. Tajiri huyu hasemi "nitatoa", anasema "tutatumia tulichopata". Liverpool, iliyonunuliwa na kundi la Wamarekani la FSG mwaka 2010 kwa pauni milioni 300, ndiyo mfano wake unaosomeka vizuri zaidi. Januari 2018 ilimuuza Philippe Coutinho Barcelona kwa bei iliyoweza kufika pauni milioni 142. Siku chache kabla alikuwa ameshafika Virgil van Dijk kwa milioni 75, na katikati ya mwaka akaja kipa Alisson kwa bei iliyokaribia milioni 67. Weka ya kuuza huku na ya kununua huku, ni kama hakuna kilichotoka. Mwaka 2019 wakachukua Ligi ya Mabingwa, na 2020 ligi ya nyumbani waliyoingojea miaka 30.

Hesabu hiyo, ya kununua toa ya kuuza, ndiyo inayoitwa matumizi halisi ya usajili. Ni kipimo kizuri kuliko kuhesabu majina mapya, maana klabu inaweza kununua wanane ikauza kumi na mwisho wa yote ikawa imepata. Ila nacho kina tundu kubwa. Hakihesabu mishahara. Wachumi waliochunguza ligi ya Uingereza kwa miongo, Stefan Szymanski akiwa mmoja wao, wameonyesha kuwa nafasi ya timu kwenye msimamo hufuatana na jumla ya mishahara inayolipa, kuliko na bei ilizonunulia wachezaji. Anayelipa mishahara ya juu mwaka hata mwaka ndiye huwa juu. Leicester City walipotwaa ligi mwaka 2016 dunia ilishangaa kwa sababu hiyo hasa: walivunja kanuni ambayo kwa kawaida haivunjiki. Na baadaye kanuni ikawarudia, wakashuka daraja 2023 na tena 2025. Kwa hiyo shabiki anayetaka kujua tajiri wake ana nia gani asitazame picha ya mchezaji mpya ameinua jezi. Atazame wale wazuri waliopo, wanapewa mikataba mipya au wanaachwa waondoke bure.

Wa tatu ndiye anayeniuma, na ndiye wangu. Familia ya Glazer ilichukua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo. Mkopo ukatwishwa klabu yenyewe, klabu ambayo siku moja kabla haikuwa na deni. Hebu lifikirie kwa lugha ya bahari. Mtu anakuja kununua jahazi, hana fedha ya kutosha, anakopa, halafu anawaambia mabaharia kwamba deni hilo litalipwa na samaki watakaovuliwa na jahazi hilohilo. Tangu hapo mamia ya mamilioni ya pauni yametoka kwenye klabu kwenda kulipa riba, na mengine yametoka kama gawio la wanahisa. Mashabiki wa kule walivaa skafu za kijani na dhahabu mwaka 2010, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu, kupinga jambo hilo. Wengine walikuwa wameshajitenga tangu 2005 na kuunda klabu yao, FC United of Manchester.

Hapo ndipo wengi wetu barazani huteleza, nami nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa tukisema Glazer hawanunui. Si kweli. Walimnunua Paul Pogba 2016 kwa pauni milioni 89, Harry Maguire 2019 kwa milioni 80, na Antony 2022 kwa zaidi ya milioni 80. Kila tulipopiga kelele tukapewa jina kubwa, tukanyamaza mpaka msimu ufuatao. Lakini pesa hizo zilikuwa za klabu, zilizotokana na jezi tunazonunua na mechi tunazotazama. Na chini ya wenye klabu haohao, kati ya 2007 na 2013, ligi ilikuja mara tano na Ligi ya Mabingwa mara moja, kwa sababu kocha Alex Ferguson alikuwa kwenye usukani. Aliposhuka 2013, tajiri alikuwa yuleyule, chombo kilekile, na ligi haikuonekana tena kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata.

Mabaharia wa hapa wanaelewa hili haraka kuliko wachambuzi wa redioni. Kwenye uvuvi wetu, gharama zikishatolewa, mapato hugawanywa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake kama mtu. Si zawadi kwa mwenye chombo. Katika fungu hilo ndimo inamotoka pamba ya kalafati, ile ya kuziba mianya ya mbao, mafuta, tanga jipya, na kazi ya kupaka shahamu chini ya chombo pale kinapopwelewa, maji yakitoka mbali wakati wa bamvua. Tajiri anayekula fungu la chombo bila kukitia kalafati anajulikana kijiji kizima cha Matondoni, na nahodha mzuri hampandii. Tarehe 12 Mei 2024, United walipofungwa na Arsenal nyumbani, mvua kubwa ilinyesha na maji yakamwagika kutoka kwenye paa la Old Trafford kama maporomoko, dunia nzima ikiona. Usiku ule sikuzungumzia usajili. Nilikumbuka swali la yule mzee. Fungu la chombo lilikuwa limeliwa kwa takriban miaka 20. Mwaka huohuo bilionea wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, alikuwa ameshanunua zaidi ya robo ya hisa za klabu, na katika makubaliano yake kulikuwa na dola milioni 300 za kuingia kwenye miundombinu ya klabu, si mifukoni mwa wauzaji. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko mshambuliaji yeyote.

Kuna kanuni nazo. Tajiri wa siku hizi hata akitaka kumwaga pesa kama mwaka 2003, haruhusiwi ovyo. Ligi Kuu ya Uingereza iliweka kikomo cha hasara cha pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton walikivuka wakapokonywa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 kwa rufaa, kisha wakakatwa nyingine 2. Nottingham Forest walipoteza 4. Ndiyo maana wahasibu wamekuwa watu muhimu. Mchezaji wa pauni milioni 100 mwenye mkataba wa miaka 5 huandikwa vitabuni kama gharama ya milioni 20 kila mwaka. Mpe miaka 8, inakuwa milioni 12.5. Chelsea ya wenyewe wapya iliwapa wachezaji kama Enzo Fernández mikataba inayozidi miaka 8 mwaka 2023, mpaka shirikisho la mpira la Ulaya na baadaye ligi yenyewe wakaamua kuwa bei igawanywe kwa miaka isiyozidi 5. Upande wa pili wa hesabu hiyo unauma zaidi: kijana aliyelelewa na klabu hakununuliwa, kwa hiyo akiuzwa, bei yake yote inaandikwa faida mara moja. Mason Mount, aliyekuwa Chelsea tangu utotoni, aliuzwa United 2023. Shabiki alimpenda kwa sababu ni wa nyumbani, na mhasibu akamuuza kwa sababu hiyohiyo.

Kwetu Kenya neno tajiri linachanganywa na mdhamini, na hawa wawili si mamoja. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama, hazina mwenyewe. Mdhamini wao mkuu alipojitoa mwaka 2019, wachezaji walikaa bila mishahara, kwa sababu mdhamini hana wajibu zaidi ya mkataba wake. Timu yetu ya mtaa nayo iliwahi kupata mtu aliyetununulia jezi na mipira karibu na uchaguzi. Tulimwita tajiri, tukaimba jina lake. Kura zilipokwisha hatukumwona tena, na nauli ya boti kwenda kucheza Faza tulichangishana wenyewe. Nilimkasirikia muda mrefu. Sasa naona tulimwita jina lisilo lake.

Ujerumani wamefunga mlango kwa kanuni ya wanachama kushika zaidi ya nusu ya kura za klabu, isipokuwa klabu chache. Tanzania, wanachama wa Simba walikubali wabaki na asilimia 51 na mwekezaji apewe 49. Huko tajiri anaweza kuwepo, lakini hawezi kuondoka na chombo usiku.

Maana kuondoka na chombo kunatokea. Bury, klabu ya kaskazini mwa Uingereza iliyoanzishwa 1885 na kutwaa Kombe la FA 1900 na 1903, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni moja. Mnunuzi hakuweza kuonyesha fedha za kuiendesha. Agosti 2019, siku ya mwisho waliyopewa, mashabiki walikwenda uwanjani Gigg Lane na mifagio na vitambaa, wakafuta viti na kuokota takataka, wakitumaini kuwa mwenyewe mpya atapatikana kabla ya jioni na mechi ya wikendi itachezwa. Hakuna aliyekuwa akidai mshambuliaji. Usiku huo Bury ikafukuzwa kwenye ligi, viti vikiwa safi.