Njia za maporomoko Nyanda za Juu Kusini: dhana potofu zinazoumiza watu

Anayepanga kupanda Sanje, kushuka Kaporogwe kule Rungwe au kusimama ukingoni mwa Kalambo huulizia kwanza urefu wa genge. Anayo haki. Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, maji hushuka takribani mita 170 kwa ngazi tatu. Kalambo, mpakani na Zambia, hudondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Urefu huo unatisha, na mtu aliyetishika hujihadhari mwenyewe. Ajali zinamsubiri pale asipoona cha kuogopa.

“Ukikaa mbali na ukingo, uko salama.”

Si kweli. Mahali pabaya kuliko pote ni mtoni, juu kidogo ya mahali maji yanapoanzia kuanguka. Hapo maji huonekana tulivu, ya magotini tu, na mawe mapana yanamwita mtu apige picha. Lakini mwamba huo umesuguliwa na maji miaka mingi na umefunikwa ukoga mwembamba. Ukoga wa kijani unaonekana. Ule wa rangi ya kahawia au nyeusi hufanana na jiwe lenyewe, na ndio unaoangusha wengi. Mguu ukishateleza hakuna cha kushika.

Maji nayo yana hesabu yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma huongezeka mara nne. Kwa hiyo kanuni ni moja, nasi hatuipunguzi kwa mtu yeyote: juu ya maporomoko mto hauvukwi. Kwingineko, maji yaendayo kasi yakipita magoti, rudi. Yakiwa chini ya hapo, fungua mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni ili uweze kulivua ukianguka, elekeza uso kule maji yanakotoka, chomeka fimbo mbele yako, kisha sogea kiubavu. Ukihamisha mguu, fimbo itulie. Ukihamisha fimbo, miguu yote itulie.

“Hapa hakunyeshi, mto hauwezi kujaa.”

Mto hujazwa na mvua ya huko juu, pengine kilomita nyingi kutoka ulipo, nyuma ya mlima usiouona. Jua linakuwakia korongoni huku maji yanakuja. Dalili zake ni tatu: maji meupe yanabadilika kuwa ya udongo, majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, na sauti ya mto inakuwa nzito. Ukiona hata moja, usikusanye vyombo. Panda kingo za mto papo hapo, juu kabisa ya alama za takataka zilizoachwa na mafuriko yaliyopita. Kukimbia kufuata mto kuelekea chini ni kushindana na maji, na maji yatakushinda.

“Masika ndiyo wakati wake, maji ni mengi.”

Picha zitapendeza, njia haitapendeza. Nyanda hizi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Mei, na Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini. Juni na Julai ni bora: njia imeanza kukauka, na mito inayolishwa na misitu bado ina nguvu. Lakini kiangazi nacho kina mtego. Changarawe kavu juu ya mwamba huviringika chini ya soli.

“Kazi ni kupanda, kushuka ni mteremko tu.”

Wakati wa kushuka mapaja yameshachoka, na ndipo watu huteguka. Wengi huegemea nyuma kwa woga. Uzito unahamia kisiginoni na kisigino kinateleza. Kunja magoti kidogo, piga hatua fupi, weka unyayo wote chini. Usijishikize kwenye vichaka vya ukingoni: vingi mizizi yake ni mifupi, na maeneo ya chini unaweza kushika upupu. Kwenye njia za kona kona, subiri wa chini yako apite kwanza kabla hujaanza kushuka, maana jiwe dogo unalolisukuma wewe humfikia yeye likiwa na kasi.

“Wenyeji hupita na kandambili, mimi nina viatu.”

Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani analijua kila jiwe la njia yake. Wewe hulijui. Raba iliyolika soli ni mbaya kuliko miguu mitupu. Angalia meno ya soli kabla ya bei ya kiatu. Jinzi iache nyumbani: ikilowa haikauki, na joto hupungua takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Sweta na koti la mvua vinatosha.

“Maji ya maporomoko ni safi.”

Juu yake kuna ng’ombe na mashamba. Beba lita 2 kwa kila mtu, au chemsha maji hadi yatokote. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3.

“Simu ipo, likitokea jambo nitapiga.”

Ndani ya korongo mtandao hukatika. Udzungwa huingii bila mwongozaji, na hiyo ni nafuu kwako. Kwingine acha taarifa ofisi ya kijiji kuhusu njia na saa ya kurudi. Ikifika saa 8 mchana geuza hata kama hujafika, maana msituni giza hutangulia machweo. Mwenzako akiteguka kifundo, usimvue kiatu njiani. Mguu utavimba na hautarudi ndani. Legeza kamba, funga bendeji juu ya kiatu, mpe fimbo mbili, na mmoja mwenye nguvu atembee upande wa bondeni.