Uvimbe umetolewa, kwa nini mzazi bado anahitaji dawa?

Katika kliniki yangu ya saratani, swali hili huulizwa na watoto wa mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe: ikiwa daktari wa upasuaji amesema ameutoa uvimbe wote kwenye utumbo mpana, dripu za miezi kadhaa ni za nini? Jibu limo katika ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara kuhusu kilichokatwa, karatasi ambayo familia nyingi huiacha hospitalini, nami ningependa kila familia ibaki na nakala yake.

Kipande cha utumbo kilichokatwa hupelekwa maabara pamoja na tezi za limfu zilizokizunguka, yaani vinundu vidogo vya kinga ya mwili, na mtaalamu anapaswa kuchunguza tezi zisizopungua 12, kwa sababu akichunguza chache mno hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba hazina ugonjwa. Saratani ikikutwa ndani ya tezi hizo bila kuonekana kwenye ini, mapafu au viungo vingine vya mbali, hiyo ni hatua ya 3. Maana yake ni kwamba seli za saratani zilikwisha kuanza safari, na huenda baadhi zimesalia mwilini zikiwa ndogo mno kuonekana hata kwa CT, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Hizo ndizo tunazozifuata kwa dawa, na ni vyema tuanze ndani ya wiki 8 hivi tangu upasuaji, kidonda kikiwa kimepona.

Dawa tunazotumia zaidi ni oksaliplatini pamoja na fluorourasili ya dripu, au pamoja na vidonge vya kapesitabini. Zamani karibu kila mgonjwa wa hatua hii alipangiwa miezi 6. Uchambuzi wa kimataifa uitwao IDEA, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba ikiwa tezi zilizoathirika hazizidi 3 na uvimbe haujatoboa tabaka la nje la utumbo wala kushika kiungo jirani, miezi 3 ya oksaliplatini na kapesitabini hutoa matokeo yanayokaribiana sana na ya miezi 6, huku ganzi ya vidole inayoletwa na oksaliplatini ikipungua mno. Mzazi aliyevuka miaka 70 mara nyingi hapati faida kubwa kwa kuongezewa oksaliplatini, hivyo familia ina haki ya kuuliza kama anaihitaji.

Ugonjwa ukiwa umefika kwenye ini au mapafu, hiyo ni hatua ya 4, na hapo muulizeni daktari waziwazi: lengo letu ni kuponya, au ni kuudhibiti ugonjwa ili mzee aishi muda mrefu zaidi na kwa nafuu? Madoa machache ya ini huweza kukatwa na baadhi ya wagonjwa wakapona, lakini wengi hutibiwa kwa lengo la pili, na familia isiyoambiwa hivyo mapema huumia sana baadaye.

Nyumbani, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni homa. Joto likifika nyuzi 38 katika kipindi cha dawa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huenda zimeshuka. Msimpe dawa ya malaria mkasubiri asubuhi. Baada ya oksaliplatini, maji ya baridi huleta ganzi na hali ya kukabwa kooni, kwa hiyo anywe ya uvuguvugu.

Nanyi watoto wake mna haki ya kuchunguzwa utumbo kwa kamera mkifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia.