Chumvi ndiyo kikwazo cha chembe za nano visimani

Kisima cha mafuta kinapofungwa kwa kuwa hakilipi tena, mafuta mengi bado yamo chini. Msukumo wa asili wa ardhini, ukiongezewa maji tunayoyaingiza kwa pampu, kwa kawaida hutoa takriban theluthi moja tu. Yanayobaki yamenasa katika vitundu vya mwamba, vingi vyenye upana wa maikromita (sehemu ya milioni ya mita) chache.

Ndipo tunapoyatia maji yale chembe za nano, aghalabu za silika (kitu kilekile kilichomo katika mchanga), zisizozidi nanomita 100, yaani sehemu ya kumi ya maikromita. Zikitawanyika vizuri hupenya vitundu hivyo bila kuviziba, na mara nyingi hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa maji.

Wengi huzisifu kwa kupunguza mvutano kati ya mafuta na maji. Kwa maoni yangu faida kubwa haiko hapo, maana kwa kazi hiyo surfaktanti, yaani kemikali za aina ya sabuni, huzishinda kwa mbali. Kazi hasa ya chembe iko ukutani mwa jiwe. Miamba mingi, hususan ya chokaa, imekaa na mafuta hadi ikayashika kuliko inavyoshika maji. Silika ikitanda juu yake, maji ndiyo yanayoshikwa na mafuta huachia. Tena, pale ukingo wa tone unapogusa jiwe, chembe hujipanga na kusukuma kama kabari mpaka tone libanduke. Watafiti Darsh Wasan na Alex Nikolov walilieleza hilo mwaka 2003, na kwangu bado ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani hii.

Lakini chembe hizo hubaki zimetengana kwa sababu zote zina chaji hasi, hivyo husukumana. Maji ya ardhini yana chumvi, na mara nyingi huwa na chumvi kuliko ya bahari. Ayoni zake (atomi zenye chaji), kalsiamu na magnesi hasa, huufifisha msukumano huo. Chembe hugandamana, na joto huharakisha mambo. Hapo dawa imegeuka kizibo.

Kuzivisha polima, yaani molekuli ndefu, husaidia, ingawa gharama hupanda. Kwa hiyo ninaposoma matokeo ya maabara, kwanza natazama ni maji gani yaliyotumika. Kama ni maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, asilimia za mafuta yaliyopatikana hazinishawishi. Nataka mchanganyiko ukae wiki kadhaa katika maji ya mwamba wenyewe, kwa joto lake, bila chembe kugandamana na kuzama, kwa kuwa safari ya kutoka kisima cha kuingizia maji hadi kile cha kutolea mafuta huchukua miezi.