Unatafuta nyumba pembezoni mwa Dodoma? Anza na njia ya maji

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wananunua nyumba Nzuguni, Iyumbu, Nala, Mkonze, hadi Ihumwa jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Wengi wanaokuja kutuuliza sisi wa mipango miji huanza na wezi: mtaa gani una usalama? Swali ni zuri, ila si la kwanza. Kwanza uliza maji ya mvua yanapita wapi.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ardhi ni kavu na majani ni haba, hivyo mvua ya saa moja hushuka vilimani kwa kasi na kujaza makorongo. Anayekagua nyumba mwezi Agosti huona mchanga mkavu tu, watoto wakicheza mpira, na dalali akimhakikishia kwamba hiyo ni njia ya ng'ombe. Ukiweza, rudi Januari. Usipoweza, zisome kuta: alama ya tope juu ya msingi, uzio uliotobolewa chini, kizingiti cha mlango kilichoongezwa zege. Kisha mtafute mzee aliyelima pale kabla ya viwanja kupimwa, umuulize alilima nini. Akisema mpunga, mshukuru na uage.

Nyumba ikiwa kando ya mto, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Rangi mpya na marumaru havibadilishi kipimo hicho. Tazama pia udongo. Ule mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi imara hupata nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Lipu mpya sehemu mojamoja iulizie sababu.

Halafu fika ofisi ya ardhi ya Jiji uone mchoro wa mipango miji. Uwanja mtupu mbele ya nyumba unaweza kuwa umetengwa kwa soko, kituo cha mafuta au barabara, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukionyeshwa karatasi ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa 2017, usiitupe wala usiiamini kwa macho, ikaguliwe hapohapo. Upekuzi wa umiliki kwa Msajili wa Hati ni lazima, na muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzi wake.

Sasa wezi. Pembezoni mwa jiji letu tatizo kubwa naliona kwenye mapagale: wenye viwanja wako Dar es Salaam au Mwanza, nyumba zimeishia kwenye linta, na ndani hakuna anayejua nani analala. Nenda saa mbili usiku uhesabu taa zinazowaka. Mimi ningechagua mtaa wenye genge la mboga, kijiwe cha bodaboda na watoto barabarani kuliko ule wa kuta ndefu zenye vigae vya chupa, maana ukuta mrefu humficha hata aliyekwisha kuingia. Mwenyekiti wa mtaa atakueleza kama ulinzi shirikishi upo kweli au ni jina tu, na polisi kata anapatikana vipi. Muulize mama wa genge anafunga saa ngapi, na kwa nini.

Mwisho, pita njia nzima hadi lami ukiwa na gari. Gari la zimamoto, ambalo huitwa kwa namba 114, litahitaji kupita hapohapo hata wakati wa masika, na dereva wake atahitaji kibao cha jina la mtaa na namba ya nyumba. Kama havipo, waulize viongozi wa mtaa vitawekwa lini kabla hujalipa chochote.