Je, wajua kwa nini muuguzi hukupima presha umelala, kisha hukusimamisha na kukupima tena?

Mgonjwa amelala, presha imeshapimwa, namba zimeandikwa. Anajua kilichobaki ni kupewa vidonge vyake. Lakini muuguzi anamwambia, "Hebu simama taratibu." Anamwacha asimame dakika moja, anapima. Zinapotimia dakika tatu, anapima tena. Wengine huona ni usumbufu, wengine hudhani mashine imeharibika. Kumbe kwa mtu anayetumia dawa za presha, ni vipimo vichache vinavyosema mengi kama hicho.

Ukiinuka kitandani, damu kiasi cha nusu lita au zaidi huteremka na kutulia miguuni na tumboni. Ile inayorudi moyoni hupungua ghafla, na moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haijaufikia. Mwili ungekaa kimya tu, ubongo ungekosa damu na sote tungezirai kila tunapoamka. Hatuzirai kwa sababu kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni, na kwenye aorta inayotoka moyoni, kuna neva zinazohisi ukuta umevutika kiasi gani. Ukuta ukilegea kidogo, ubongo hupata habari na kutoa amri mbili kwa mpigo: moyo uende mbio, na mishipa midogo ijikaze. Haya yote hufanyika kwa sekunde chache, na mwenyewe huna habari.

Sasa tazama dawa za presha zinavyofanya kazi. Baadhi hulegeza mishipa, baadhi hupunguza kasi ya moyo, nyingine hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Yaani zinaishika mikono ileile ambayo mwili huitegemea kujizuia usianguke. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na 128 kwa 78 akiwa amelala, namba ya kumfurahisha daktari yeyote, kisha akisimama ikawa 100 kwa 64 na chumba kikaanza kuzunguka. Kama alilala tuli dakika tano, na ndani ya dakika tatu za kusimama namba ya juu ikashuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi presha yake inaporomoka anaposimama. Hilo ni jambo la kumweleza daktari kabla ya dozi kuongezwa.

Kinachoogopwa hapa ni kuanguka. Mzee anaamka usiku kwenda msalani, gizani, usingizi haujamtoka vizuri, anasimama kwa haraka kwa sababu mkojo umembana. Hatua ya tatu macho yanaingia giza. Nyonga ikivunjika katika umri ule, maisha yake yote hubadilika, na presha ambayo kila mtu alikuwa akiihangaikia inakuwa habari ndogo. Kwa hiyo muuguzi humfundisha kuinuka kwa vituo: kwanza akae ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie, achezeshe vifundo na kukaza misuli ya mashavu ya miguu dakika moja au mbili, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Kukaza misuli ya miguu kunaikamua damu irudi juu. Si mazoezi ya kupoteza muda.

Kuna jambo jingine ambalo muuguzi mzoefu huliangalia wakati huohuo, nalo mgonjwa halioni: mapigo ya moyo. Presha ikishuka na mapigo yakapanda sana, mara nyingi maji yamepungua mwilini. Huenda dawa ya mkojo imezidi, au mtu ameharisha siku mbili, au hanywi maji ya kutosha. Presha ikishuka na mapigo yakabaki palepale, basi ama neva zenyewe zimechoka, kama inavyotokea kwa baadhi ya watu wenye kisukari cha muda mrefu, ama kuna dawa inayouzuia moyo usikimbie. Presha inayoporomoka ni ileile, ila chanzo ni tofauti, na tiba nayo ni tofauti. Kwa hiyo anayeandika presha ya kusimama bila kuandika mapigo ameacha nusu ya habari.

Dawa inayouzuia moyo usikimbie ni zile za kundi la beta bloka, kama atenolo na propranolo. Kabla ya kumpa mgonjwa, muuguzi huhesabu mapigo kwa dakika nzima, si sekunde 15 mara nne, kwa sababu moyo unaoruka pigo moja moja unaweza kukudanganya. Wodi nyingi zina utaratibu kwamba yakiwa chini ya 60, dozi inasimama kwanza hadi daktari aulizwe. Vivyo hivyo namba ya juu ya presha ikiwa chini ya kiwango alichoweka daktari. Pia atauliza kama una pumu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuibana mirija ya hewa. Na kama una kisukari, atakuonya kwamba sukari ikishuka, moyo huenda usiende mbio kama ulivyozoea. Jasho ndilo linalobaki kuwa ishara, basi ukilowa jasho bila sababu, pima sukari.

Kwa dawa za kuongeza mkojo maswali yanabadilika. Zinamezwa asubuhi ili usiku mtu alale. Uzito unapimwa kila siku, saa ileile, kwenye mizani ileile, kwa kuwa kilo moja inayopotea au kuongezeka ghafla ni maji, si mafuta. Misuli ikikaza usiku au moyo ukidundadunda vibaya, huenda potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji, imeshuka, nayo hujulikana kwa kupima damu.

Lakini kuna dawa zinazofanya kinyume chake, zinaipandisha potasiamu. Miongoni mwake ni zile za familia ya kaptopri, enalapri na lisinopri. Historia yake inastahili kusimuliwa. Sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye Bothrops jararaca hushusha presha ya aliyeumwa, na wanasayansi walipoichunguza walikuta ndani yake viambata vinavyozuia kimeng'enya kinachoutengenezea mwili kemikali ya kukaza mishipa. Kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa kaptopri, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Sasa, kimeng'enya hichohicho kina kazi ya pili: huvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inarundikana, na kwa baadhi ya watu inawasha koo hadi kinakuja kikohozi kikavu kisichoisha. Mtu anakunywa dawa za kikohozi wiki nne, anapimwa kifua, haonekani na kitu. Swali moja la muuguzi, "Kikohozi kilianza kabla au baada ya dawa hii?", lingemwokolea mwezi mzima. Na midomo au ulimi ukivimba, hapo hakuna kusubiri zamu ya kesho: ni dharura, maana koo linaweza kuziba.

Kwa sababu ya potasiamu hiyo, wanaotumia dawa za familia hii waulizwe pia kama wanatumia ile chumvi inayouzwa kuwa ni salama kwa wenye presha. Nyingi ya chumvi hizo zimetengenezwa kwa potasiamu, na figo zikiwa zimechoka, potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Mtu anafanya jema, anaacha chumvi ya kawaida, kisha jema lenyewe linamletea hatari. Mwanamke anayetarajia kupata mimba naye aseme mapema. Dawa hizi humdhuru mtoto aliye tumboni, na zipo nyingine za kumpa badala yake, kama methilidopa.

Amlodipini, dawa nyingine ya presha, huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa inayoleta damu imefunguka kuliko ile inayoiondoa, maji yanavujia kwenye nyama. Kumwongezea dawa ya mkojo hakusaidii sana. Daktari akiambiwa, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huzuia chumvi na maji visitoke, na hivyo huipandisha presha ambayo vidonge vingine vinahangaika kuishusha. Watu hawazitaji kwa kuwa hawazihesabu kuwa ni dawa. Ni kitu cha mgongo tu, cha goti tu. Kwa hiyo swali zuri ni, "Ukiumwa kichwa au viungo, huwa unameza nini?"

Yote haya yanategemea namba iliyo sahihi, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo makosa ya kizembe yanapofanyika zaidi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Mkono unaoning'inia chini ya usawa wa moyo nao huipandisha, kama inavyofanya miguu iliyopandanishwa, kibofu kilichojaa, sigara au kahawa ya dakika chache zilizopita, na maongezi. Mpumzishe mtu dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono upate egemeo, na muuguzi asimuulize habari za nyumbani mkanda unapojaa. Dozi inayoongezwa kwa sababu ya mkanda mdogo ndiyo itakayomwangusha mgonjwa akisimama.

Lipo tatizo ambalo kipimo chochote hakilioni, nalo ni vidonge vinavyobaki kwenye pakiti. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu akijisikia vizuri huona amepona, akiambiwa presha imeshuka huona kazi imekwisha, wakati imeshuka kwa sababu ya dawa. Kuacha ghafla baadhi ya dawa, hasa klonidini na beta bloka, kunaweza kuirudisha presha juu kwa kishindo, au kuuletea moyo wenye ugonjwa maumivu makali. Muuguzi akiuliza, "Unameza dawa zako?", kila mtu atajibu ndiyo. Anayetaka ukweli huuliza bila kuhukumu: "Watu wengi hukosa dozi. Wewe wiki hii umekosa ngapi?" Hapo ndipo sababu zinapotoka. Mmoja huacha ya mkojo kila akiwa na safari ndefu. Mwingine alichoshwa na kikohozi. Mwanamume ananyamaza, anaangalia mlango, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba tangu aanze dawa hana nguvu chumbani. Wa kwanza anaweza kupangiwa saa nyingine ya kumeza, na hao wawili wanaweza kubadilishiwa dawa, ilimradi mtu amewauliza.