Si bei ya maiki, ni mahali ulipoiweka

Wapiga gitaa wanaotumbuiza peke yao kwenye baa za Capri Point na Kirumba, jijini Mwanza, huambiwa sana: nunua maiki ya bei mbaya, rekodi itatoka safi. Si kweli. Kinachoamua kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara 2, sauti inayotoka moja kwa moja kwa msanii hupungua kwa desibeli 6, ilhali kelele za glasi na bodaboda zinabaki palepale. Maiki ghali ikikaa meza ya nyuma itanasa vizuri mno soga za walevi! Simu ya kawaida iliyo mita 1 mbele ya msanii huishinda.

Kiwango cha sauti nacho. Kwenye rekodi ya kidijitali, sauti ikigonga desibeli 0, ambayo ndiyo kikomo cha juu, inakwaruza, na hakuna programu ya kuirudisha sawasawa. Acha vilele vyake, yaani pale sauti inapopanda zaidi, viishie karibu na desibeli −12. Simu ikiruhusu, zima urekebishaji wa kiotomatiki wa kiwango cha sauti, maana wimbo ukitulia huo huinua kelele.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na ndani ya maiki ni ngurumo tupu. Kifuniko cha manyoya huuzuia kuliko sponji. Ukikikosa, kaa mahali ambapo ukuta unakukinga na ziwa.